Swichi ya hazadi yenye taa kwenye Land Rover ya zamani

Land Rover yangu ni 109 ya Series III, dizeli, na kazi yake kubwa ni kupandisha vitunguu kutoka mashamba ya Mang'ola hadi Karatu. Ilikuja na indiketa, lakini swichi ya hazadi, ile ya kupepesa indiketa zote nne kwa pamoja kuonya wengine, haikuwamo. Waliokuwa nayo kabla yangu walitegemea matawi: gari likizima, utingo anashuka na panga, anakata matawi ya kutosha na kuyapanga barabarani mbele na nyuma, na kila apitaye anajua kuna gari limekufa. Desturi hiyo naiheshimu, na mchana haina mpinzani. Lakini mara nyingine napeleka mboga kambi za ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kule juu zaidi ya mita 2,000, na ukungu ukishuka asubuhi baada ya kupita lango la Loduare, dereva anayakanyaga matawi kabla macho yake hayajayaona. Hali ni hiyo hiyo njia ya Mang'ola, jua likizama huku lori la mbele linakuachia vumbi lake lote.

Niliamua nifunge hazadi, na nikataka swichi yenye taa ndani yake. Wenzangu wawili watatu waliona hilo ni pambo. Mimi siamini hivyo. Dashibodi ya Series III ni plastiki nyeusi, na usiku, gari limekata moto katikati ya kona, mkono unapapasa vitufe vyote ukiwa na haraka. Swichi inayong'aa kidogo kila taa ndogo zinapowaka inapatikana bila kutafutwa. La pili ni kelele. Kwenye saluni ndogo unasikia flasha, kile kifaa kinachokatakata umeme ili indiketa zipepese, ikigonga tik-tik ukajua indiketa zinafanya kazi. Juu ya dizeli hii ya zamani husikii kitu. Jicho ndilo linalobaki kukuambia kama zimewaka. Kwa hiyo taa ya swichi ina kazi mbili zisizofanana: kung'aa taratibu gizani ili ionekane, na kupepesa kwa nguvu hazadi zikiwa zimewashwa. Kazi hizo mbili hupita kwenye waya mbili tofauti, na ugumu wote nilioupata baadaye ulitoka hapo.

Fundi umeme wa kwanza niliyemwendea alikuwa kijana mwepesi wa mikono. Alinipa njia ya mkato: swichi ya pini mbili inayounganisha waya wa indiketa za kushoto na wa kulia. Ukitaka hazadi unasukuma mkono wa indiketa upande wowote, unabonyeza swichi, zote nne zinapepesa. Ni kweli zinapepesa. Ila flasha inapata umeme kupitia ufunguo, kwa hiyo ukichomoa ufunguo kila kitu kinazima. Nami nikiacha gari barabarani nikaenda kutafuta msaada, ufunguo nautaka mfukoni. Ukiisahau hiyo swichi imebonyezwa, kesho ukionyesha unakata kulia, wa nyuma yako anaona hazadi na hajui unakokwenda. Pale Mto wa Mbu, kwenye zile kona za kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, hilo linaweza kuua mtu. Nilimshukuru nikamwambia nitarudi kwa kazi nyingine.

Hazadi ya kweli inafanya mambo mawili kwa kubonyeza mara moja. Kwanza inaihamisha flasha kutoka kwenye umeme wa ufunguo na kuipa umeme wa moja kwa moja wa betri. Pili inachukua umeme unaotoka kwenye flasha na kuupeleka kushoto na kulia kwa pamoja, bila kujali mkono wa indiketa umekaaje. Ikizimwa, inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa na kuzitenga pande mbili zisigusane. Ndiyo maana swichi yake ina pini nyingi, na ndiyo maana watu wanaiogopa.

Niliipata Arusha kwenye duka la spea zilizotumika. Imetoka kwenye gari la Ulaya, ina alama ya pembetatu nyekundu usoni, na nyuma pini nane zenye namba. Namba hizo ni za mfumo wa Kijerumani, nao ukishauelewa unakusaidia kwenye magari mengi: 15 ni umeme unaokuja baada ya kufungua ufunguo, 30 ni umeme wa betri usiozimika, 31 ni erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia mwili wa gari, 49 ni umeme unaoingia kwenye flasha, 49a ni umeme unaotoka kwenye flasha ukiwa unakatikakatika, 58 ni wa taa ndogo na taa za dashibodi, halafu L na R ni kushoto na kulia. Nusu ya namba zilikuwa zimefutika.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa Karatu ambaye alianza kugusa Land Rover zikiwa bado ndiyo gari la kila ofisi ya serikali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini?"

Nikamwonyesha swichi. Akaigeuza, akaipuliza vumbi, akanirudishia.

"Usiunganishe hata waya mmoja kabla hujaijua. Kaa hapo, chukua mita, uiulize pini moja moja. Halafu uniletee karatasi, si maneno."

Nilikaa kwenye benchi lake. Mita ukiiweka kwenye mlio, inalia pale pini mbili zinapokuwa zimeungana kwa ndani. Swichi ikiwa imezimwa, pini mbili zililia pamoja: hizo ni 15 na 49. Ikiwa imebonyezwa, 15 ikaachwa peke yake na 49 ikaungana na nyingine, ambayo kwa hiyo ni 30. Na zikaungana tatu kwa mpigo: 49a, L na R. Zilizobaki ni za balbu ndogo mbili za ndani, moja ya kung'aa na moja ya kupepesa, zote zikishiriki mguu mmoja wa erthi, yaani 31. Mzee aliisoma karatasi yangu polepole, akachora mstari chini ya 31, akasema, "Hii ndiyo utakayoilaumu mwisho." Sikumwelewa siku hiyo.

Upande wa gari, waya za Land Rover za wakati ule zinafuata rangi za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme vya magari, na rangi hizo ni hazina ikiwa hakuna aliyezivuruga. Kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa za kushoto. Kijani chenye mstari mweupe ni za kulia. Kijani kitupu ni umeme wa ufunguo uliokwisha kupita kwenye fyuzi. Kijani mpauko chenye mstari wa kahawia kinatoka kwenye flasha kwenda kwenye mkono wa indiketa. Kahawia nzito ni umeme wa betri usio na fyuzi, zambarau ni wa betri wenye fyuzi, nyekundu yenye mstari mweupe ni taa za dashibodi, na nyeusi ni erthi. Jua la Mang'ola limezikausha kiasi kwamba kijani na kijani mpauko vimekaribia kufanana, kwa hiyo kila waya niliikwangua kidogo, nikaifuta kwa kitambaa chenye spiriti na kuipima kwa taa ya kupimia kabla ya kuiamini.

Kuunganisha kwenyewe hakuna maajabu. Waya wa kijani uliokuwa ukiingia kwenye flasha niliuchomoa nikaupeleka pini 15, na kutoka 49 nikarudisha waya mpya kwenye flasha pale ulipotoka ule. Kijani mpauko sikuukata. Niliutoa tawi moja la kwenda 49a. Vivyo hivyo kushoto na kulia, matawi ya kwenda L na R. Nyekundu yenye mweupe kwenda 58. Nyeusi kwenye 31. Viungo vyote nilivilehemu na kuvifunika kwa mpira unaosinyaa kwa moto, kwa sababu tepu nyeusi kwenye joto letu inayeyuka gundi na baada ya mwaka inaning'inia.

Pini 30 ndiyo inayotaka adabu. Indiketa zina balbu za wati 21. Nne ni wati 84, na kwenye volti 12 hiyo ni ampea 7. Ukiwasha upande mmoja ni nusu yake tu, ampea 3.5. Kwa hiyo waya unaoleta umeme wa hazadi uwe mnene kuliko matawi mengine: nilitumia wa milimita za mraba 1.5, na fyuzi ya ampea 10 niliiweka karibu na chanzo cha umeme. Ikikaa karibu na swichi, waya wote ulio kabla yake hauna ulinzi. Kwenye Land Rover hili ni zito kuliko gari jingine, maana waya unapita kwenye matundu ya bati la ukuta wa injini, na tundu lisilo na raba linakata ngozi ya waya kidogo kidogo kwa mtikisiko wa makorongo. Siku waya huo ukigusa bati, fyuzi ndiyo itakayochagua kati ya usumbufu na moto.

Flasha yangu ya asili ilikuwa ya joto, ile yenye kipande cha chuma kinachopinda kikipashwa na umeme na kuukata, kikapoa na kuurudisha. Flasha ya namna hiyo imepangiwa balbu mbili. Ukiipa nne, inapashwa na umeme mara mbili ya ule iliopangiwa, mwendo wake unavurugika na maisha yake yanafupika. Kiwango kinachokubalika duniani ni kupepesa kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, na yangu ilikwenda kwa kasi ya kutapatapa. Niliibadilisha kwa ya elektroniki, ya Kijapani, ambazo maduka yetu yamejaa. Hapo kuna jambo la kuangalia: flasha za Lucas zenye miguu mitatu zina B, L na P, ambapo P ni ya taa ya dashibodi, za Kijapani zina B, L na E, ambapo E ni erthi. Ukichomeka tu kama ulivyochomoa, mguu wa erthi unaingia kwenye waya wa taa ya dashibodi na flasha inafanya vituko. Taa yangu ya dashibodi ya indiketa ilibidi ipatiwe umeme kwa njia nyingine, kwa diodi mbili ndogo, moja kutoka kushoto na moja kutoka kulia. Diodi ni kama mlango wa kusukuma upande mmoja: umeme unakuja kwenye taa kutoka pande zote mbili lakini hauwezi kuvuka kutoka kushoto kwenda kulia. Aina niliyotumia, 1N4007, inabeba ampea 1, na balbu hiyo haifiki hata robo yake.

Siku ya kujaribu, mchana, kila kitu kilikuwa safi. Ufunguo mfukoni, nabonyeza, nje zinapepesa nne, ndani swichi inapepesa. Niliona tu kwamba taa ya swichi imefifia kuliko nilivyotarajia. Jioni nikawasha taa ndogo, nikabonyeza tena, na nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Taa ya swichi ilikuwa inapepesa kinyume. Za nje zikiwaka, ya ndani inazima. Za nje zikizima, ya ndani inawaka, hafifu, rangi ya kaa la moto. Nikazima taa ndogo: ikarudi kwenda pamoja na za nje. Nikawasha: kinyume.

Nieleze hili kwa kirefu, kwa sababu nimekuta magari mengine yenye ugonjwa huu na mafundi wakibadilisha swichi nzima. Balbu mbili za ndani zinashiriki erthi moja. Erthi hiyo ikikatika, balbu hazizimi. Zinatafuta njia nyingine. Taa ndogo zikiwa zimewashwa, pini 58 ina volti 12. Umeme huo unapita balbu ya kung'aa, unafika kwenye mguu wa erthi, unakuta hakuna pa kwenda, unarudi nyuma kupitia balbu ya kupepesa hadi upande wa flasha, na kutoka hapo unashuka kwenye balbu kubwa za indiketa hadi kwenye erthi yao. Balbu kubwa haziwaki kwa umeme mdogo hivyo. Kwao ni waya tu. Balbu mbili ndogo zinagawana volti 12, kila moja inapata 6, ndiyo maana zinafifia. Sasa flasha ikileta volti 12 upande wa pili, pande zote mbili zinakuwa na volti 12 sawasawa, hakuna umeme unaosogea, na balbu zinazima wakati ule ule ambao za nje zinawaka. Taa ndogo zikiwa zimezimwa, safari inageuka: umeme wa flasha unapita balbu zote mbili na kuishia kwenye balbu za dashibodi na taa ndogo, kwa hiyo unapepesa kwa mwendo sahihi lakini kwa unyonge. Kufifia kule kwa mchana kulikuwa kumeshasema yote.

Nilirudi kwa mzee nikamsimulia. Hakuinuka hata kwenye kiti. "Thelathini na moja," akasema.

Waya mweusi ulikuwa umefungwa kwenye skrubu ya zamani nyuma ya dashibodi, iliyowahi kushika redio ya enzi za nyuma. Skrubu ilikaza vizuri, lakini imekaza kwenye rangi na kutu. Nilikwangua mpaka chuma king'ae, nikaweka washa yenye meno, nikakaza, nikapaka grisi juu yake ili unyevu usiingie. Taa ikang'aa kama inavyotakiwa na ikapepesa pamoja na za nje, taa ndogo ziwashwe zisiwashwe. Sasa kila ninapofunga kitu kwenye gari hili, erthi naivuta kwa waya wake hadi kwenye sehemu moja niliyoisafisha ukutani mwa injini. Silitegemei bati tena.

Bodi ya Land Rover ni alumini na chesi, yaani fremu ya chini, ni chuma, na vyuma viwili hivyo vikikutana kwenye unyevu vinalana. Alumini haitoi kutu jekundu. Inatoa unga mweupe, na unga huo hauruhusu umeme kupita. Baada ya kisa cha swichi nilishuku taa za nyuma, nikapima. Betri ilikuwa na volti 12.6, lakini kwenye balbu ya nyuma kushoto, ikiwa inawaka, nilipata 10.1. Zaidi ya volti 2 zimepotelea njiani, na kwa balbu ya waya wa moto mwanga hupungua kwa kasi kubwa kuliko volti zinavyopungua. Yaani hazadi zingepepesa, mimi ndani ningeona swichi yangu inapepesa vizuri, na lori la nyuma lingeona kitu kinachofanana na kijinga cha sigara. Nilivuta waya mpya wa erthi kutoka kila taa ya nyuma hadi kwenye chesi iliyokwanguliwa. Ikapanda hadi 12.1. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoithamini kuliko zote, na haikuwa kwenye swichi kabisa.

Ndiyo maana nasisitiza: taa ya swichi inakuambia umeme umeondoka, haikuambii umefika. Nikibonyeza usiku, nashuka na kuzunguka gari, au utingo anazunguka na kunipigia kelele "nne!" Ndipo matawi yanafuata, na pembetatu ya kuakisi mbali zaidi nyuma, kabla ya kona.

Watu wananiuliza kuhusu betri. Hazadi zinavuta ampea 7 zikiwaka na karibu sifuri zikizima, kwa hiyo wastani ni kama 3.5. Betri nzima ya ampea-saa 70 itazilisha kwa muda wa takriban saa 10 hadi ibaki nusu, ambayo kwa kawaida bado inatosha kuamsha stata ya gari lenye afya. Dizeli baridi kwenye ukungu wa Ngorongoro inadai zaidi ya hapo, kwa hiyo mimi siziachi zaidi ya muda wa saa 5 bila kutafuta namna nyingine.

Kuna wanaotaka kuweka balbu za LED ili kuokoa umeme. Inawezekana, na flasha ya elektroniki isiyojali mzigo ni lazima, vinginevyo itapepesa mbio ikidhani balbu zimeungua. Pia LED inataka ujue erthi ya gari lako. Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 60 zilifungwa erthi chanya, na huko LED ya kawaida haiwaki na flasha ya elektroniki inaweza kuungua mara moja. Angalia waya mnene uliofungwa kwenye chesi unatoka upande gani wa betri kabla hujanunua chochote.

Msimu huu nimeanza kuvuta tela. Tela linaongeza balbu mbili za wati 21, jumla wati 126, ampea 10.5, na fyuzi yangu ya 10 haiwezi tena. Nimeweka ya 15, ambayo waya wa 1.5 kwa umbali huo mfupi unaihimili, na flasha nimeibadilisha kwa inayobeba balbu sita. Jirani yangu mwenye Land Cruiser ya zamani naye anataka swichi kama hii. Tumefungua boneti yake tukakuta betri mbili zimeungwa mfululizo, volti 24. Anahitaji flasha ya 24, balbu za 24, hata zile mbili ndogo za ndani ya swichi, na ampea zake zitakuwa nusu ya zangu. Mpangilio wa pini ni ule ule. Nimempa nakala ya karatasi yangu, yenye mstari wa mzee chini ya 31.